Kabla ya kubadili mfumo wa kompyuta, nakala iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wananchi wengi, ingawa wengi wetu hatulioni mpaka litufike mlangoni. Jambo lenyewe ni tabia iliyoanza kuzoeleka katika baadhi ya ofisi na vyama, ya kuweka toleo jipya la programu kwenye kompyuta kuu bila kwanza kutoa nakala ya kumbukumbu zote zilizomo. Nasema wazi kwamba tabia hiyo ni uzembe, na anayeumia si yule aliyebofya kitufe. Anayeumia ni mwananchi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari hilo siku hizi limehamia ndani ya kompyuta. Hapa kwetu Bukoba na Muleba, mkulima akipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, hesabu ya kilo zake huishia kwenye kompyuta, na malipo yake hutegemea hesabu hiyo. Mgonjwa akifika hospitali, kabla hajamwona daktari, jina lake hutafutwa kwenye kompyuta. Mfanyakazi mwenye mkopo katika chama cha akiba na mikopo, salio la deni lake limo humo humo. Hata sisi walimu wa vijijini, tangu tulipogawiwa vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022, tumezidi kuyaona majina ya wanafunzi wetu kwenye kioo kuliko kwenye karatasi. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake katika mfumo wa Baraza la Mitihani, na namba hiyo humfuata anapohama kutoka shule moja kwenda nyingine.

Siyapingi mabadiliko haya. Anayekumbuka mafaili yaliyoliwa na mchwa, na karani aliyepekua kabati nzima kutafuta karatasi moja, hawezi kuyapinga. Lakini daftari la karatasi lilikuwa na kanuni zake za utunzaji, na kila mtumishi alizijua. Stakabadhi ya Serikali haikatwi bila nakala yake kubaki kitabuni. Mwalimu mkuu akihamishwa, hukabidhi shule kwa maandishi: madawati mangapi, vitabu vingapi, rejista zipi, na wote wawili hutia saini. Daftari la mahudhurio likijaa na jipya likafunguliwa, la zamani halichanwi kuwashia moto. Huwekwa kabatini, kwa sababu kesho mkaguzi anaweza kuliuliza. Sasa kwa nini kompyuta iliyobeba kumbukumbu za maelfu ya watu ibadilishwe alasiri moja bila makabidhiano yoyote?

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajapata kuiona mitambo hiyo, nieleze kidogo. Kompyuta tunazoziona juu ya meza za makarani huwa hazihifadhi mambo mengi. Kazi yake ni kuzungumza na kompyuta moja kuu iitwayo seva, ambayo pengine imefungiwa katika chumba cha nyuma, pengine iko Dar es Salaam au Dodoma. Ndani ya seva hiyo mna vitu vinne. Ipo programu yenyewe, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Ipo mipangilio, yaani maagizo yanayoiambia programu ifanye kazi namna gani na nani aruhusiwe kuingia. Ipo hazina ya kumbukumbu, ambayo wataalamu huiita kanzidata. Halafu yapo mafaili mengine kama picha na nyaraka zilizopigwa picha.

Kuweka toleo jipya la programu ni sawa na kumleta karani mpya ofisini. Karani huyu haketi tu kwenye kiti cha mwenzake. Kwanza huzipanga upya rafu zote kwa mtindo wake: safu moja huigawa mbili, jina la ukoo hulitenga na jina la kwanza, tarehe huziandika kwa namna nyingine. Akimaliza salama, kazi inaendelea vizuri kuliko zamani. Lakini umeme ukikatika akiwa amefika nusu, rafu zinaweza kubaki nusu za mtindo wa zamani na nusu za mtindo mpya. Ukimwita karani wa zamani arudi, hawezi tena kuzisoma. Hapo njia ya uhakika ya kurudi nyuma ni moja tu: kuwa na nakala kamili ya ofisi nzima, kama ilivyokuwa kabla karani mpya hajaingia. Nakala hiyo ndiyo wataalamu wanayoiita nakala rudufu.

Na habari za umeme sisi wa Kagera hatuhitaji kusimuliwa. Kwa miaka mingi umeme wetu umekuwa ukitoka Uganda kupitia Masaka, na msimu wa mvua radi za ziwani haziulizi kama kuna fundi aliye katikati ya kazi.

Nitoe mfano wa jambo nililolishuhudia, bila kulitaja jina la chama, kwa kuwa shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Chama kimoja cha akiba na mikopo ambacho mimi ni mwanachama wake kilimleta fundi kuweka toleo jipya la programu ya mahesabu. Kazi ilianza Ijumaa alasiri. Jumatatu wanachama walipofika, kompyuta ilikuwa inafanya kazi, maandishi makubwa, rangi za kupendeza, na kila mtu akafurahi. Furaha hiyo iliisha mwisho wa mwezi. Marejesho ya mikopo ya miezi mitatu yalikuwa hayamo. Ikabainika kwamba Ijumaa ile usiku kazi ilikwama njiani, na kwa kuwa fundi hakuwa ametoa nakala ya siku ile, alirudisha nakala ya zamani aliyoikuta, ya miezi mitatu nyuma, akaendelea kama vile hapakuwa na lolote. Wala hakumwambia mtu.

Chama kikawatangazia wanachama walete ushahidi wa malipo yao. Litazameni jambo hilo vizuri, ndugu wasomaji. Aliyepoteza daftari ni chama, lakini anayetakiwa kuleta ushahidi ni mwanachama. Mwalimu mwenzangu anayekaribia kustaafu alikuwa na hati zake zote za mshahara ndani ya sanduku chini ya kitanda, yeye alipona. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akilipa fedha taslimu kidogo kidogo, stakabadhi zake zilikuwa zimelowa mvua na wino umefutika. Alilipa tena miezi miwili ambayo alikuwa amekwisha kuilipa.

Hilo ndilo linalonifanya niandike barua hii. Kumbukumbu ikipotea, hasara haigawanywi sawa kwa sawa. Mwenye elimu na sanduku la karatasi huweza kujitetea. Asiyejua kusoma, mjane, mtu wa kipato kidogo, huyo huambiwa jina lake halipo, na mazungumzo yakaishia hapo. Mtu wa kisiwa cha Goziba au Bumbire, upande wa Muleba, akivuka ziwa kuja hospitali huku bara, akaambiwa mfumo uko chini arudi kesho, kesho yake hiyo ni nauli nyingine na usiku mwingine wa kulala kwa jamaa. Na ikiwa faili lake limepotea kabisa, daktari hana mahali pa kusoma kwamba dawa fulani iliwahi kumdhuru.

Watu wa mkoa huu tuna somo letu la kale juu ya orodha. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu hawakuwa wameandikwa majina, na mpaka leo hesabu kamili ya ndugu zetu waliokufa haijulikani. Siufananishi msiba ule na mambo ya kompyuta. Nasema tu kwamba jina ambalo halikuandikwa, au lililoandikwa mahali pamoja tu na mahali hapo pakaharibika, halina wa kulitetea.

Sasa nakala ya kweli ni ipi? Nauliza kwa sababu ukienda ofisi nyingi ukauliza, utajibiwa haraka kwamba nakala ipo. Kwa maoni yangu nakala haistahili kuitwa nakala mpaka itimize mambo matatu.

Jambo la kwanza, iwe kamili. Wapo wanaotoa nakala ya kanzidata peke yake wakadhani wamemaliza. Lakini kama nilivyoeleza, seva ni vitu vinne. Ukiwa na kumbukumbu za zamani na huna tena programu ya zamani wala mipangilio yake, umebaki na ufunguo bila kufuli. Vyote vinne vichukuliwe kwa wakati mmoja, baada ya makarani kuambiwa wasimamishe kazi, ili asije mtu akaingiza malipo mapya wakati nakala imekwisha kutolewa. Tena tusidanganyike na diski mbili zinazoandika pamoja ndani ya seva moja. Hizo husaidia diski moja ikifa. Programu ikiharibu kumbukumbu, inaziharibu kwenye diski zote mbili kwa sekunde ile ile.

Jambo la pili, nakala ikae mahali pengine. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliutikisa mkoa wetu. Watu wasiopungua 17 walipoteza maisha, na majengo ya shule kongwe kama Ihungo na Nyakato yaliharibika vibaya. Baada ya siku ile, mtu wa Bukoba anayeweka nakala katika chumba kile kile chenye seva, tena juu ya kabati moja, ana udhuru gani? Wenzetu wa Korea Kusini, ambao ni mabingwa wa mambo ya kompyuta, walipata funzo hilo juzi juzi tu. Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliotokana na betri uliwaka katika kituo cha Serikali cha kompyuta mjini Daejeon. Ghala la mafaili ya watumishi wa umma, lenye terabaiti 858, liliteketea, na hapakuwa na nakala yake nje ya kituo. Sababu iliyotolewa ni kwamba ghala lilikuwa kubwa mno kuwekewa nakala. Kazi za miaka ya watumishi wengi zikapotea. Wataalamu wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja kati yake ikae mbali.

Jambo la tatu, na ndilo linalosahauliwa kuliko yote, nakala ijaribiwe. Nakala isiyojaribiwa ni tumaini tu. Tarehe 31 Januari 2017 kampuni ya GitLab, ambayo kazi yake ni kuwatunzia watengeneza programu kazi zao, ilifuta kumbukumbu zake kwa bahati mbaya. Kampuni hiyo ilikuwa na njia tano za kuweka nakala. Walipozigeukia waligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi kama ilivyokusudiwa. Kilichowaokoa ni nakala moja ambayo fundi alikuwa ameitoa saa sita kabla kwa shughuli nyingine kabisa, na kumbukumbu za saa hizo sita zikawa zimepotea. Kama hao, ambao kompyuta ndiyo jembe lao, walilala usingizi, sisi je? Kujaribu nakala maana yake ni kuchukua kompyuta nyingine, kuirudisha nakala humo, kumfungua mwanachama mmoja wa Kamachumu na mwingine wa Nshamba, na kuona kama salio lao ni lile lile lililoko kwenye mfumo unaotumika. Kazi hiyo haichukui hata siku mbili.

Nakala ikiwepo, bado lazima pawe na mpango wa kurudi nyuma, na mpango huo nao ujaribiwe. Uingereza mwaka 2012, benki ya Royal Bank of Scotland pamoja na wenzake wa NatWest na Ulster Bank waliweka toleo jipya la programu inayopanga kazi za usiku za benki. Likaleta matatizo. Wakaamua kuliondoa warudie la zamani, lakini hawakupima kwanza kuliondoa huko kungeleta nini. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi. Wateja zaidi ya milioni 6.5 walisumbuka, wengine hawakuona mishahara yao, wengine hawakuweza kulipia nyumba zao, na kwa wateja wa Ulster Bank taabu iliendelea kwa wiki kadhaa. Mwaka 2014 wakuu wa udhibiti wa fedha wa nchi hiyo waliitoza benki hiyo faini ya jumla ya pauni milioni 56. Nimeutaja mfano huu ili tuone kwamba anayeweka jambo jipya bila kujua njia ya kurudi anajitia mtegoni hata akiwa tajiri.

Najua yapo majibu nitakayopewa. Wa kwanza atasema, "Mwalimu, ukitaka tahadhari zote hizo, hatutabadili kitu mpaka mwisho wa dunia." Hapana. Mimi si mtu wa kusema toleo jipya lisiwekwe. Mwezi Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kiliingia kwenye kompyuta za nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa nyumbani, na wengi walioathirika ni wale waliochelewa kuweka marekebisho ambayo kampuni ya Microsoft ilikuwa imekwisha kuyatoa tangu Machi. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni hiyo ilimaliza muda wa huduma ya kawaida ya Windows 10, kwa hiyo ofisi nyingi ambazo bado zina kompyuta hizo zitabadilisha zipende zisipende. Hiyo ndiyo sababu ya kulisema jambo hili sasa, kabla mabadiliko hayajafanywa kwa pupa. Kubadili ni lazima, na kwa sababu ni lazima, nakala nayo ni lazima.

Wa pili atasema hakuna fedha. Huyu nitamwomba atupe hesabu. Diski ya kuhifadhia kumbukumbu za chama kimoja cha akiba na mikopo ni ndogo kiasi cha kuingia mfukoni, na bei yake haifiki bei ya ng'ombe mmoja. Chama chenye fedha za kununulia fulana na keki siku ya kuzindua mfumo mpya hakiwezi kusema kimekosa fedha za kununulia diski.

Wa tatu atasema hayo ni mambo ya wataalamu, na mwalimu wa shule ya msingi anatafuta nini humo. Nami nitamjibu kwamba sihitaji kuwa fundi wa magari ili niulize kama basi nililopanda lina breki. Kumbukumbu hizo si za wataalamu, ni zetu. Mtaalamu tunamhitaji na tunamheshimu, lakini mara nyingi yeye mwenyewe husukumwa. Mkubwa anataka mfumo uzinduliwe Jumatatu kwa kuwa mgeni rasmi amekwisha kualikwa, na fundi kijana anaogopa kusema kwamba nakala bado. Tukiuliza sisi wenye mali, tunampa fundi huyo nguvu ya kufanya kazi yake kama alivyofundishwa.

Wa nne atasema ajali haina kinga. Usemi huo ni wa kweli kwa mambo yasiyotabirika. Lakini umeme kukatika Kagera si jambo lisilotabirika, na programu mpya kukwama njiani si jambo lisilotabirika. Kinachojulikana kuwa kinaweza kutokea, kikatokea bila kuandaliwa, jina lake si ajali.

Tena mkulima wa mkoa huu amekwisha kutuonyesha njia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulipoletewa migomba ya aina mpya, ile ya FHIA, mkulima mwenye busara hakukiteketeza kibanja cha babu yake siku hiyo hiyo. Alipanda michache pembeni, akangoja ikazaa, akaonja ndizi zake zikipikwa, akaona ipi inafaa kwa chakula na ipi kwa pombe, huku migomba ya zamani ikiendelea kulisha nyumba. Wahenga nao walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Je, karani aliyesoma awe na busara ndogo kuliko mkulima huyo?

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, napenda kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika.

Kwanza, asiruhusiwe mtu kuweka toleo jipya kwenye seva yenye kumbukumbu za wananchi mpaka iwepo hati ya makabidhiano, kama ile ya walimu wakuu. Iandikwe nakala imetolewa tarehe na saa gani, imetolewa na nani, imewekwa wapi, imejaribiwa na nani. Itiwe saini na mkuu wa ofisi au mwenyekiti wa chama, si fundi peke yake. Mkubwa akiweka saini yake atauliza.

Pili, kazi hiyo isifanywe wakati wa pilikapilika. Isifanywe wiki ya kusajili watahiniwa, wala msimu wa malipo ya kahawa, wala mwisho wa mwezi. Na kabla ya kuanza ipangwe saa ya kurudi nyuma: ikifika saa fulani mambo hayajakaa sawa, toleo la zamani lirudishwe bila ubishi, na wananchi waelezwe ukweli.

Tatu, kwa wiki chache za mwanzo stakabadhi za karatasi ziendelee kukatwa na kutunzwa. Malipo yanayofanywa baada ya nakala kutolewa hayamo ndani ya nakala hiyo. Ikibidi kurudi nyuma, karatasi hizo ndizo zitakazojaza pengo.

Nne, nakala zitunzwe kwa siri. Haifai nakala ya mafaili ya wagonjwa itembee mitaani katika flashi ya mtu binafsi. Iwekewe neno la siri na ifungiwe. Nchi yetu inayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na nakala iko chini ya sheria hiyo sawa na kumbukumbu yenyewe.

Tano, iwe kanuni kwamba ofisi au chama kikipoteza kumbukumbu kwa kutoweka nakala, mzigo wa ushahidi usiwe juu ya mwananchi. Aliyelipa asilipishwe mara mbili kwa sababu ya mtu mwingine kukosa kufanya wajibu wake. Kanuni hii ikiwepo, nina hakika nakala zitatolewa bila hata kukumbushana.

Naiomba Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa Sheria Na. 10 ya mwaka 2019, pamoja na wakurugenzi wetu wa Manispaa ya Bukoba, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba na Muleba, wasiridhike na jibu la mdomo kwamba nakala ipo. Waombe ifunguliwe mbele yao. Kwa upande wa ushirika, wakaguzi wa COASCO wanapokuja kukagua vitabu, wakague na nakala pia. Mkaguzi anayehesabu fedha zilizomo kasikini na asiulize habari za seva anahesabu sehemu ndogo tu ya mali ya wanachama.

Na sisi wananchi tusiwaachie wakubwa peke yao. Mkutano mkuu wa chama ni wetu. Pale mwenyekiti anaposimama kutangaza kwamba chama kitaingia katika mfumo mpya wa kisasa, kabla ya kupiga makofi, mwanachama mmoja anyooshe mkono aulize maswali mawili: Nakala iko wapi? Na ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Maswali hayo hayahitaji shahada. Mwenyekiti akiyajibu vizuri, tumpigie makofi kwa haki. Akibabaika, tumwambie angoje.



Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Muleba, Kagera.